Siku moja na kaya ya katikati

Saa 11 na nusu alfajiri nipo Kimara Mwisho, kwenye foleni ya mwendokasi wa Kivukoni. Mwili upo Dar, akili ipo Rufiji. Mimi ni mtakwimu, na miezi mitatu sasa nahangaika na swali moja: ukizipanga kaya zote za vijijini kule kuanzia ya chini hadi ya juu, ile inayosimama katikati kabisa imepanda au imeshuka kimaisha tangu 2012?

Saa 1 na nusu naanza na mipaka. Rufiji ya sensa ya 2012 siyo Rufiji ya sensa ya 2022, maana hapo katikati Kibiti imemegwa ikawa wilaya. Ukilinganisha jina kwa jina, unalinganisha maeneo mawili tofauti. Nimeziunganisha tena, kata kwa kata. Kazi inachosha macho, lakini bila hiyo yanayofuata yote ni bure.

Saa 3 kijana wa mafunzo kwa vitendo kutoka Chuo cha Takwimu anasogeza kiti. "Shikamoo dada. Kwani tukichukua wastani tu kuna shida gani?" Namwandikia mfano wa kaya tano na kipato cha mwezi: 80,000, 110,000, 150,000, 190,000, na ya mwenye malori, 1,400,000. Wastani unatoka 386,000. Katika zile nne za mwanzo hakuna hata moja inayoikaribia hela hiyo. Mediani, yaani namba ya katikati ukizipanga kwa ukubwa, ni 150,000, na hapo ndipo ilipo kaya ya katikati. Anaikunja karatasi, anaiweka kwenye daftari lake.

Kuanzia saa 5 ndipo penye uzito. Mkulima hana mshahara. Hela ya korosho huja mwishoni mwa mwaka, ya ufuta huja katikati. Ukimuuliza "mwezi uliopita ulipata shilingi ngapi?" jibu litategemea mwezi uliobisha hodi. Ndiyo maana tunapima zaidi matumizi, pamoja na mchele na muhogo aliovuna mwenyewe akala, ambao lazima upewe bei. Na matumizi nayo yana mtego. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2011/12 uliziachia kaya shajara, daftari la kuandika matumizi ya kila siku, kwa siku 28. Ule wa 2017/18 ukatumia siku 14. Mwaka 2007 na 2008 watafiti walijaribu aina 8 za madodoso kwenye kaya zipatazo 4,000 hapahapa Tanzania, na ikaonekana kwamba namna ya kuuliza peke yake inabadilisha kiwango cha matumizi na cha umaskini. Kwa hiyo mimi siungi nukta ya 2012 na ya 2018 kwa mstari mmoja. Najua mstari unapendeza kwenye ripoti. Siuchori.

Saa 7, wali na samaki kwa mama ntilie. Dakika ishirini.

Saa 8 narudi kwenye uchache wa sampuli. Utafiti wa 2017/18 ulipangwa useme kuhusu mkoa. Wilaya moja inabaki na kaya chache mno. Marekani, Ofisi ya Sensa inatoa makadirio ya mediani ya kipato kwa kila kaunti kila mwaka, hata ya vijijini yenye watu wachache, kwa kuyapa majibu ya utafiti nguvu kutoka kumbukumbu za kodi na za msaada wa chakula. Kodi ya mapato huku haimwoni mkulima wa Ikwiriri. Tulichonacho ni sensa: paa, sakafu, umeme, idadi ya watu kwenye kaya. Tunatafuta uhusiano wa vitu hivyo na matumizi kwenye utafiti, kisha tunaupeleka kwenye kaya zote za sensa.

Ila uhusiano wenyewe hausimami mahali pamoja. Mwaka 2012, taa ya umeme kijijini ilikuwa dalili ya kaya yenye uwezo. Miradi ya umeme vijijini ikafika, na taa ikaingia hata kwa asiye na akiba. Ukichukua hesabu ya 2012 ukaivisha sensa ya 2022, utawatajirisha watu kwenye karatasi. Hili linaniuma, kwa sababu bajeti hufuata karatasi.

Saa 10 na nusu simu kutoka Kibiti, mdadisi wetu. "Dada, kuna mama ananiuliza, hela anayotumiwa kwa simu na mwanawe wa Kariakoo aiseme?" Aiseme. Kijana huyo halali pale, hatumhesabu kwenye kaya, lakini hela yake ndiyo iliyonunua sukari na daftari za wadogo zake.

Saa 12 nahifadhi faili. Mkuu wangu aliomba namba moja kwa kila mwaka; nimempa miaka yenye data tu, kila namba na kikomo chake cha chini na cha juu, zote kwa bei za mwaka mmoja. Kesho mdadisi anapanda boti kwenda visiwa vya delta, zimebaki kaya tano. Nimemkumbusha asisahau samaki waliovuliwa wakaliwa nyumbani.