Usichague Zeituni kwa Rangi Yake

Mazungumzo kuhusu zeituni yanapofika kwenye afya, swali huwa lile lile: kati ya za kijani na nyeusi, zipi ni bora? Ninalielewa swali hilo, kwa sababu rangi ndiyo inayotangulia kuonekana, lakini naamini linampeleka mlaji mahali pasipo na jibu. Zeituni zote huanza zikiwa za kijani, na zikiachwa mtini huingia rangi ya zambarau, kisha huwa nyeusi. Tunda ni lile lile kwa umri tofauti. Kinachoamua ladha, na kwa kiasi kikubwa kinachoamua mwili utapata nini, ni njia iliyotumika kuziondolea uchungu.

Zeituni iliyotoka mtini hailiki. Ukiitafuna, mwanzo ulimi hupata ladha ya majani mabichi na mafuta kidogo, kisha uchungu hupanda kutoka nyuma ya ulimi, huufanya mdomo mzima ukauke, na hubaki humo hata baada ya kusukutua. Uchungu huo hutokana zaidi na kemikali iitwayo oleuropeini, ambayo katika tunda changa inaweza kufikia asilimia 14 ya uzito wa tunda lililokaushwa, kisha hupungua kadiri tunda linavyoiva. Mti hauitengenezi bure. Mdudu anapolitafuna tunda au jani, vimeng'enya vilivyokuwa vimetengwa na oleuropeini hukutana nayo, na kinachotokea hushikamana na protini za chakula chake na kuziharibu, hivyo mdudu hula asishibe. Kwa hiyo kile kinachotukera ulimini ndicho silaha ya mti, na, kama nitakavyoeleza, ndicho pia chanzo cha sehemu kubwa ya sifa njema za zeituni. Kazi yote ya kuziandaa ni kupunguza silaha hiyo bila kuimaliza.

Njia iliyoenea sana kwa zeituni za kijani hujulikana kwa jina la mji wa Sevilla nchini Hispania. Matunda huchumwa yakiwa bado ya kijani na hulowekwa kwa saa kadhaa ndani ya maji yenye kostiki soda, ile ile inayotumika kutengenezea sabuni, kwa kiwango cha takriban asilimia 2. Kostiki hupenya kwenye ngozi ya tunda na kuivunja oleuropeini. Namna mafundi wanavyoifuatilia kazi hii ndiyo inayonivutia kuliko yote: fundi huchota tunda moja, hulikata kwa kisu hadi kwenye kokwa, na kutazama nyama yake. Sehemu iliyofikiwa na kostiki huwa imebadilika rangi, ikifanya pete inayosogea kutoka kwenye ngozi kuelekea ndani, na pete hiyo inapofika theluthi mbili au robo tatu ya safari yake, kostiki humwagwa mara moja. Ile nyama iliyobaki kuzunguka kokwa huachwa kwa makusudi, ili tunda libaki na uchungu kidogo na sukari ya kulisha bakteria watakaofuata. Asiyejua kusubiri hutoa zeituni chungu, na anayesubiri kupita kiasi hutoa tunda laini lisilo na ladha yoyote.

Baada ya hapo matunda huoshwa na kutiwa kwenye maji ya chumvi, ambamo bakteria wa asidi ya laktiki, hasa Lactiplantibacillus plantarum, huila sukari na kuigeuza kuwa asidi kwa muda wa wiki kadhaa hadi miezi. Ukali wa maji huongezeka mpaka pH, kipimo cha asidi ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, ikafika karibu na 4, na hapo zeituni hupata ule uchachu safi, ugumu wa kupendeza chini ya meno, na rangi ya kijani iliyofifia kuelekea manjano. Kufifia huko ni kazi ya asidi, inayoiharibu klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea. Ndiyo maana zeituni za Castelvetrano kutoka Sicilia, zinazopitia kostiki lakini haziachwi zichachuke kwa namna hiyo, hubaki na kijani kinachong'aa na ladha tamu, laini, karibu na siagi. Mtu asiyependa uchachu ningemwanzishia hizo. Lakini kostiki na maji ya kuoshea huondoka na sehemu kubwa ya kemikali zilizokuwa ndani ya tunda, na hasara hiyo haionekani kwa macho wala haiandikwi kwenye chupa.

Wagiriki wana desturi nyingine, ya kuyatia matunda yaliyoiva moja kwa moja kwenye maji ya chumvi bila kostiki. Hapo hakuna kinacholazimishwa. Oleuropeini hutoka polepole kwenye nyama na kuingia majini, hamira na bakteria hufanya kazi yao, asidi huvunja kinachobaki, na kazi nzima inaweza kuchukua miezi sita hadi mwaka. Matokeo yake ni ladha yenye matabaka: kwanza chumvi, kisha tunda lenyewe, kisha kitu kinachokaribia mvinyo, na mwishoni uchungu mdogo unaosafisha mdomo. Zeituni za Kalamata hupasuliwa ubavuni ili maji yapenye haraka zaidi, na siki ya mvinyo mwekundu huzipa ukali wake unaojulikana. Mimi ni wa upande huu, na sioni haya kusema kwamba zeituni isiyobaki na uchungu wowote kwangu imepoteza nusu ya utu wake.

Wapo wanaozizika ndani ya chumvi kavu, kama ifanywavyo katika kisiwa cha Thasos na nchini Moroko. Chumvi huvuta maji na uchungu pamoja nayo, ngozi hukunjamana, na ladha hukolea sana. Chache tu zinatosha kubadilisha sahani nzima.

Zile nyeusi za kopo, zenye rangi moja isiyo na doa na nyama laini, ni jambo tofauti kabisa. Njia yake ilistawi California. Mara nyingi matunda huchumwa yakiwa ya kijani, hupitishwa kwenye kostiki mara kadhaa huku hewa ikipulizwa majini, na hewa hiyo ndiyo inayoyafanya yawe meusi. Kisha hutiwa glukonati ya chuma, ambayo kwenye lebo huandikwa pia E579, ili weusi usichujuke. Kwa kuwa hayakuchachuka, hayana asidi ya kuyalinda, kwa hiyo kopo hupikwa kwa joto kali la kuua vijidudu, na joto hilo huzalisha akrilamaidi, kemikali ambayo wataalamu wa chakula wanashauri ipunguzwe. Sisemi kwamba zeituni hizo ni sumu. Ninasema kwamba anayezinunua kwa kuamini kuwa weusi wake ni dalili ya kuivia mtini anapaswa kuisoma lebo tena.

Nije sasa kwenye afya, ambako maneno huwa mengi kuliko ushahidi. Gramu 100 za zeituni za kijani zilizolowekwa kwenye maji ya chumvi zina takriban gramu 15 za mafuta na kalori 145, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi ya oleiki, inayosaidia kushusha kolesteroli ya LDL, ile mbaya inayochangia kuziba mishipa ya damu, pale inapochukua nafasi ya mafuta yanayoganda ya wanyama. Sukari ni kidogo mno, kwa kuwa bakteria wameshaila. Oleuropeini inapovunjika huacha haidroksitairosoli, ambayo huzuia kolesteroli ya LDL isiharibiwe na oksijeni ndani ya damu. Umoja wa Ulaya uliruhusu mwaka 2012 wauzaji wa mafuta ya zeituni waitangaze faida hiyo, kwa sharti kwamba gramu 20 za mafuta ziwe na angalau miligramu 5 za haidroksitairosoli na jamii zake.

Sharti hilo linahusu mafuta, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. Utafiti maarufu wa PREDIMED uliofanyika Hispania, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013 na kuchapishwa upya kwa marekebisho mwaka 2018, ulionyesha kwamba watu walio katika hatari ya ugonjwa wa moyo walipata maradhi makubwa ya moyo na kiharusi kwa kiwango kidogo walipofuata mlo wa Mediterania, wa mboga, matunda, nafaka na samaki, wenye mafuta halisi ya zeituni kwa wingi. Haukupima zeituni za kutafuna. Anayesema kwamba sayansi imethibitisha kuwa zeituni tano kwa siku hulinda moyo ameazima ushahidi wa kitu kingine. Hata hivyo sidhani kwamba tunda lenyewe ni la kupuuzwa. Haidroksitairosoli huyeyuka majini kuliko kwenye mafuta, na zeituni zinapokamuliwa ni sehemu ndogo tu ya kemikali za namna hiyo inayofuata mafuta. Nyingine huenda na maji na makapi. Kwa sababu hiyo, zeituni zilizochachushwa taratibu bila kostiki zinaweza kuwa na haidroksitairosoli nyingi kuliko mafuta kwa uzito ule ule. Ule uchungu mdogo unaobaki mwishoni mwa ladha ni dalili, ingawa si kipimo, kwamba kemikali za tunda hazikuondolewa zote.

Gharama ya faida hiyo ni chumvi, na ni gharama kubwa. Gramu 100 za zeituni za kijani zina karibu gramu 1.5 za sodiamu, sawa na takriban gramu 4 za chumvi, ilhali Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima. Zeituni kumi za ukubwa wa wastani, ambazo mtu huzimaliza akizungumza bila kujitambua, zinaweza kula zaidi ya robo ya kiasi hicho. Jambo hili ndilo linalonifanya nisiwe na subira na makala zinazowahimiza wagonjwa wa shinikizo la damu wale zeituni kama dawa. Zile nyeusi za kopo, nilizozisema vibaya hapo juu, kwa kawaida huwa na karibu nusu ya sodiamu hiyo, na kwa mgonjwa huyo huenda zikawa afadhali. Njia nyingine ni kuziloweka kwenye maji baridi yasiyo na chumvi kwa saa chache kabla ya kula, ukiyabadilisha mara moja au mbili. Chumvi hupungua kweli, ingawa ladha nayo hupungua na sehemu ya haidroksitairosoli huondoka pia.

Anayetaka kuziandaa mwenyewe aanze na zeituni mbichi za kijani alizozigonga moja moja kwa jiwe au gogo dogo mpaka nyama ipasuke na kokwa ibaki nzima. Huzamishwa kwenye maji yanayobadilishwa kila siku kwa wiki moja au zaidi, mpaka uchungu ufike pale ulimi unapoukubali, kisha huwekwa kwenye maji ya chumvi yenye siki. Jambo moja halina mjadala: pH ya maji hayo iwe chini ya 4.6, kwa sababu juu ya hapo bakteria wa botulinamu wanaweza kukua mahali pasipo na hewa, na sumu yao haina harufu wala ladha ya kukuonya. Kipimo cha karatasi cha pH ni rahisi kutumia, na mapishi yasiyotaja asidi hayafai kufuatwa. Kilicho juu ya maji, ule utando mweupe wa hamira, huweza kuenguliwa. Lakini zeituni zikitoa harufu ya ngozi iliyooza, hali ambayo mafundi wa Hispania huiita zapatera, zitupwe zote pamoja na maji yake.

Chupa ikishafunguliwa, zeituni zikae chini ya maji yake wakati wote, ndani ya friji, na zitolewe kwa kijiko safi badala ya vidole. Zikiwa zimefunikwa kwa mafuta ya zeituni, mafuta hayo yataganda na kuwa meupe kwa baridi. Hayajaharibika, yatarudi kuwa maji yakikaa mezani kwa muda mfupi kabla ya kuliwa.