Monita iliyokuwa inajizima: nilivyoipata hitilafu yake

Monita yenyewe ni bapa ya inchi 19, ya kizazi kile chenye taa za mirija nyuma ya kioo. Ukibonyeza swichi, taa ya kijani inawaka, picha inatokea, kisha baada ya sekunde tano hivi kila kitu kinazimika, hata ile taa ya kijani. Ukirudia mara sita au saba, inakubali kukaa. Sikukimbilia bisibisi. Namna monita inavyozimika ndiyo inayokuonyesha pa kutafuta.

Taa ya swichi ikigeuka rangi ya chungwa, monita haijafa, imelala kwa kukosa mawimbi ya picha. Anza na kebo. Taa ikibaki kijani huku kioo kikiwa cheusi baada ya sekunde moja au mbili, mulika tochi kwa pembeni. Ukiona picha hafifu, kilichozimika ni taa za nyuma tu, na mara nyingi ni inveta (saketi inayozipa taa hizo umeme wa volti kubwa) imejizima ili kujikinga, kwa sababu mrija mmoja umechoka au haupati umeme. Yangu ilizimika yote, tena ilikuwa inapata nafuu kadiri inavyopata joto. Hiyo ni tabia ya kapasita (vijikopo vinavyohifadhi chaji ya umeme kwenye bodi) zilizoanza kukauka: zikiwa baridi upinzani wake wa ndani uko juu, zikipashwa unashuka. Nilichomoa plagi, nikapuliza kikausha nywele kwenye matundu ya nyuma kwa dakika tatu, nikaichomeka tena. Ikawaka na kukaa mara ya kwanza.

Kufungua kasha kunahitaji uvumilivu kuliko nguvu. Skrubu ziko nyuma, nyingine zimejificha chini ya stendi. Fremu ya mbele imeshikwa na vishikizo vya plastiki, na kadi ya zamani ya plastiki inaviachia bila kuchuna kingo. Usivute fremu kwa pupa, kwani waya wa vitufe na nyaya za taa ni fupi.

Kisha hatari yenyewe. Kapasita kubwa upande wa umeme mkuu hubeba takriban volti 325 pale umeme wa ukutani ukiwa 230, na inaweza kubaki na chaji baada ya kuchomoa plagi. Nilisubiri dakika kumi, nikaweka rezista ya kiloomu 10, wati 5, kati ya miguu yake kwa sekunde kumi ili chaji iishe polepole, huku nimeishika kwa koleo lenye mpini wa mpira. Ndipo nikapima hadi nikaona chini ya volti moja. Kuna wanaoigusanisha miguu yake kwa bisibisi. Cheche inayotoka inaweza kung'oa njia ya shaba kwenye bodi, kwa hiyo mimi siipendi kabisa.

Upande wa volti ndogo wa bodi kulikuwa na kapasita tatu: mbili za mikrofaradi 1000 volti 10 kwenye njia ya volti 5, na moja ya mikrofaradi 680 volti 25 inayolisha inveta. Moja ilikuwa imevimba juu. Ya pili ilionekana nzima, ila ilikuwa na ukoko wa kahawia kwenye raba ya chini. Ya tatu haikuwa na alama yoyote, na multimita ilisoma mikrofaradi 655. Usidanganywe na kipimo hicho: kapasita inaweza kuwa na ujazo unaokaribia sawa huku upinzani wake wa ndani umepanda mno. Nilibadilisha zote tatu.

Kapasita mpya ziwe na mikrofaradi zile zile, volti sawa au zaidi, daraja la joto la 105°C, na ziwe za aina yenye upinzani mdogo wa ndani. Za kawaida zitafanya kazi muda mfupi kisha ugonjwa urudi. Pima pia kipenyo na urefu, maana bati la kukinga bodi halina huruma na kapasita ndefu.

Kabla ya kutoa za zamani piga picha. Mstari kwenye kapasita unaonyesha hasi, lakini alama za kwenye bodi hutofautiana kwa watengenezaji. Lehemu isiyo na risasi huwa ngumu kuyeyuka. Niliongeza kidogo ya aina yenye risasi kwenye kila mguu, pasi ya kulehemu ikiwa 360°C, nikatoa mguu mmoja mmoja kwa kupokezana. Ukivuta kabla lehemu haijayeyuka yote, unaondoka na pete ya shaba.

Niliporudisha kila kitu na kuwasha, kioo kikawa cheusi baada ya sekunde mbili huku taa ya kijani ikibaki. Ugonjwa mpya kabisa! Tochi ikaonyesha picha ipo. Soketi moja ya nyaya za taa, ya waya wa waridi na mweupe, ilikuwa haijaingia hadi mwisho, na inveta ilikuwa inajikinga kama kawaida yake. Nikachomoa plagi, nikaiondolea tena chaji ile kapasita kubwa, nikaisukuma soketi mpaka ikaalika. Njia ya volti 5, ambayo mwanzoni ilikuwa inayumba kati ya 3.8 na 4.5, sasa inasoma 5.1 bila kutikisika, na monita ilikaa saa nne mfululizo.