Kumbukumbu ya mradi wangu: kupima tope la Mto Morogoro

Novemba, mwanzoni

Wakuu nianze kwa kukiri kabisa, mi si mtaalamu wa maji wala sijasomea jiolojia, kazi yangu ni fundi friji. Ila kila siku navuka daraja dogo la Mto Morogoro kwenda kazini, asubuhi navuka maji meupe unaona mawe chini, jioni kama kulinyesha kule juu Uluguru narudi nakuta chai ya maziwa inashuka. Siku moja nkasimama pale nkajiuliza, hivi hii milima inashuka kilo ngapi kwa siku? Sikupata wa kumuuliza basi nkaamua kupima mwenyewe. Ndo mradi ulivyoanza, hamna cha zaidi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Unahitaji vitu viwili tu, maji yanayopita kwa sekunde ni lita ngapi, na kila lita imebeba gramu ngapi za mashapo (mashapo ndo hilo tope na mchanga unaosafiri na maji). Zidisha, umemaliza. Ugumu uko kwenye kuvipata hivyo viwili.

Lita kwa sekunde nimepima kwa chungwa. Usicheke, chungwa linafaa kuliko kipande cha mti kwa sababu linazama karibu lote, upepo haulisukumi, na rangi yake unaiona toka mbali. Nilinyoosha kamba mita 10 ukingoni, nkatupa chungwa juu kidogo ya mwanzo wa kamba, nkahesabu kwa simu: sekunde 14. Hapo ni kama mita 0.71 kwa sekunde, ila maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini yanayosuguana na mawe, kwa hiyo unazidisha kwa 0.85 upate wastani, 0.6 na kidogo. Mto hapo ni upana mita 4, kina nimepima kwa fimbo sehemu nane, wastani sentimita 20. Jumla lita 490 hivi kwa sekunde. Chungwa la kwanza watoto walilidaka kwa chini wakala, la pili nkalifuata mwenyewe mbio.

Novemba, bado

Gramu ndo zimenitoa jasho. Nilinunua mizani ndogo ile ya sonara inayosoma mpaka 0.01 ya gramu, nkachota chupa ya nusu lita, nkakausha, nkapima: 0.02. Nkafurahi mpaka nilipotulia nkawaza, mizani inasoma kwa hatua ya 0.01, sasa 0.02 hapo inaweza kuwa 0.01 au 0.03, yaani sijapima kitu, nimebahatisha. Maji yakiwa meupe inabidi uchote mengi. Nkahamia ndoo ya lita 20.

Sasa lita 20 huwezi kuzikausha zote, utamaliza gunia la mkaa. Unaacha yatulie, unanyonya maji meupe ya juu kwa mpira, unakausha kinachobaki chini. Mi kwa haraka zangu nkasema ngoja niweke shabu kama bibi zetu walivyokuwa wanasafisha maji ya kunywa, ukiikoroga tope linashikamana linazama fasta. Kweli likazama ndani ya nusu saa, nkajiona mjanja. Wiki mbili baadaye ndo nkaja kuelewa kwamba shabu yenyewe ikiingia kwenye maji inatengeneza utando unaozama pamoja na tope, na huo utando una uzito wake, kwa hiyo vipimo vyangu vinne vyote nimepima tope pamoja na shabu. Nimevifuta. Mlonge nao ndo usijaribu kabisa, unga wa mbegu unabaki humo humo.

Kwa hiyo ni kusubiri. Na kusubiri kwenyewe kuna kanuni: mchanga unazama mbele ya macho yako, punje ya milimita 0.02 inashuka sentimita 10 kwa dakika 5 hivi, lakini mfinyanzi wa milimita 0.002 sentimita hizo hizo 10 zinachukua kama saa 8. Punje ikipungua ukubwa mara kumi, inachelewa mara mia. Ndoo yangu ina kina cha sentimita 30 na ushee, piga hesabu mwenyewe, na zipo punje ndogo zaidi ya hapo. Naacha siku tatu. Kwa hiyo jikoni kwetu kuna ndoo mbili haziruhusiwi kuguswa, na mama watoto kaniuliza kwa upole ule wa hatari, "Baba Zawadi, haya matope yakishakauka yanatupwa au ndo tunahamia sisi?"

Kipimo safi cha kwanza: gramu 0.8 kwenye lita 20, yaani miligramu 40 kwa lita. Zidisha kwa 490, kama gramu 20 kila sekunde, tani 1 na nusu na kidogo kwa siku. Nilishangaa, na hapo mto ulikuwa mweupe!

Desemba

Kila Jumamosi saa 3 asubuhi nko pale na ndoo. Namba zinakuja vizuri, miligramu 35, 42, 60, 38 kwa lita. Nkachora grafu, mstari umenyooka kama barabara ya Dodoma.

Kuna mzee ana bustani ya mchicha na figiri pale ukingoni, alikuwa ananiangalia tu wiki zote. Siku hiyo nkamfuata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. We ndo bwana maji?"

"Hapana mzee, mi fundi friji."

"Fundi friji unapima mto?" Akaangalia ile kamba yangu ya mita. "Maana wenzio walikuja na kamba hivyo hivyo, wakasema mita sitini. Umekuja kupima hizo sitini?"

Nkaelewa. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu, au zinazoweza kuharibu ukingo, ndani ya mita 60 toka mto, na bustani yake iko kama hatua kumi. Ilibidi nikae chini nimweleze ndoo, shabu, chungwa, kila kitu. Akasikiliza mpaka mwisho afu akasema neno moja lililovuruga mradi wote: "Sasa kijana, tope unalitafuta asubuhi? Asubuhi mto umelala."

Nkarudi kwenye daftari. Vipimo vyote ni asubuhi. Mvua za huku milimani nyingi zinapiga mchana na jioni, mto unaamka usiku, ikifika asubuhi umeshashuka umetulia. Mi nilikuwa sipimi mto, napima Jumamosi zangu.

Januari na Februari

Kiangazi kidogo, mto uko chini. Muda huu nimeutumia kusoma na kuchonga mtego.

Kwenye kusoma nimekuta kumbe Morogoro tuna historia nzito kwenye haya mambo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mpaka mwanzoni mwa 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Uppsala, Sweden, walikuwa na utafiti wa pamoja wa mmomonyoko wa udongo, mmoja wa viongozi wake ni Anders Rapp, na huu mto wangu mdogo ulikuwa mmoja wa mito waliyoipima. Wakiwa kazini ndo ikatokea Mgeta, Februari 1970, upande wa magharibi wa Uluguru, mvua ya zaidi ya milimita 100 ndani ya saa tatu, na milima ikaporomoka sehemu zaidi ya elfu moja. Mchana mmoja tu! Maporomoko karibu yote yalianzia kwenye mashamba na majani, msituni machache mno.

Na Uppsala hiyo hiyo ndiko Filip Hjulström mwaka 1935 alitoa utafiti wake wa mto Fyris, ule wenye mchoro maarufu unaoonyesha kitu kinachochanganya: mchanga laini ndo rahisi kuinuliwa na maji, mfinyanzi japo punje zake ni ndogo zaidi ni mgumu kuung'oa kwa sababu unanatana, ila ukishang'oka hautui tena. Hiyo nikaielewa palepale kwa sababu ya ndoo zangu. Mchanga wa Uluguru unaachwa njiani kwenye mafungu ya mchanga mtoni na watu wanauchota kujengea, mfinyanzi unateremka mto Ngerengere, unaingia mto Ruvu, unapita zake mpaka baharini huko Bagamoyo.

Nilimsimulia mzee habari za Mgeta, akasema anaikumbuka. Akarukia na ya baba yake kulimishwa matuta ya ngazi na wakoloni mpaka watu wakagoma mwaka 1955. Hapo tulikaa mpaka jua likazama, mtego sikuugusa siku hiyo.

Mtego wenyewe: chupa ya glasi, kizibo nimekata kwenye soli ya kandambili, kizibo kinapitisha mipira miwili ya dripu (duka la dawa wanauza bei ya kawaida tu). Mpira mmoja umekunjwa kama ndoano iliyopinduliwa, mdomo unaangalia maji yanakotoka, wa pili unapanda juu kutoa hewa. Maji yakipanda mpaka yakavuka lile kunjo la mpira, yanajivuta yenyewe yanajaza chupa, ikishajaa hewa inaziba na maji mapya hayaingii. Ukizifunga chupa nne kwenye mlingoti kwa urefu tofauti, sentimita 20, 40, 60 na 80 juu ya maji ya kawaida, kila moja inanasa tope la wakati mto unapita hapo ukipanda, hata kama wewe umelala.

Mlingoti wa kwanza ulikuwa nondo. Ulikaa siku nne, wa skrepa wakaupenda. Chupa waliziacha zimepangwa vizuri juu ya jiwe, nashukuru. Wa pili ni mwanzi, nimeukandamiza na mawe, mpaka leo upo.

Machi, usiku wa mafuriko

Masika imeingia. Mzee alishaniambia mto unanuka udongo kabla haujajaa, na ukisikia hiyo harufu uko ndani ya maji toka, usisubiri kuona. Jioni hiyo kumenyesha kwelikweli kule juu, mjini hata tone hamna. Saa 2 usiku nko darajani na tochi, na kweli, harufu kwanza, kama chungu kipya ukikitia maji. Dakika chache baadaye ukaja, si ukuta wa maji kama watu wanavyohadithia, ni mto tu unavimba kila ukiangalia, na sauti ya mawe yanagongana chini ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, unaisikia miguuni.

Sikuingia majini, chungwa sikulihitaji, matawi yalikuwa yanapita yenyewe nayahesabia sekunde kwenye alama nilizopaka mapema: mita 10 kwa sekunde 8. Kina nimekuja kupima kesho yake kwa alama za tope kwenye mawe, upana mita 5 na nusu, kina wastani sentimita 70. Inakuja lita 4,000 na ushee kwa sekunde. Mto ulipoanza kushuka nkawa nachota kwa ndoo na kamba toka darajani.

Matokeo baada ya siku tatu za kusubiri na kukausha (mara hii hata nusu lita ilitosha): chupa ya sentimita 60, mto ukipanda, gramu 6.8 kwa lita. Ndoo niliyochota mto ukiwa umerudi kimo kile kile cha sentimita 60 lakini unashuka, gramu 1.9.

Nilirudia kupima nkidhani nimechanganya vibandiko. Hapana. Kimo kile kile, maji yale yale kwa macho, tope tofauti mara tatu na nusu. Maana yake tope linatangulia, linafika kabla mto haujafika kileleni. Mvua ya kwanza inakomba kile kilicholegea, vumbi la njia za bodaboda, udongo wa mashamba yaliyotoka kulimwa, mchanga uliolala mtoni toka mafuriko yaliyopita, kikishapita kinachofuata ni maji mengi yenye kidogo cha kubeba.

Afu nkapiga hesabu iliyonikosesha usingizi. Gramu 6.8 mara lita 4,000, kilo 27 kila sekunde. Kama ilikaa hivyo saa moja tu, ni tani 98 hivi. Kwa kipimo cha Jumamosi zangu, mto ungehitaji karibu miezi miwili kubeba hizo. Na ule mchanga na mawe yanayojiviringisha chini simo kabisa kwenye hesabu, chupa zangu hazinasi hayo.

Grafu ya Desemba nimeifuta. Daftari jipya lina safu ya saa, safu ya kimo, na safu ya "anapanda/anashuka", hiyo ya mwisho ndo ya maana kuliko zote.

Aprili

Chupa ya sentimita 80 imepasuka, jiwe. Mafuriko ya pili yalifika kimo cha sentimita 60 tena, ila chupa ikanipa gramu 3.1 tu, siku nne baada ya yale ya kwanza. Nadhani mlima ulikuwa haujapata muda wa kukusanya mzigo mwingine, ila mafuriko mawili hayatoshi kusema. Nataka mlingoti mwingine upande wa juu wa bustani nione mabustani yenyewe yanachangia kiasi gani, na hilo nimemwambia mzee wazi, akanyamaza kidogo afu akasema weka, ila na mimi nione hizo namba.

Tumekubaliana pia jambo moja, yeye analala pale pale, mi nko mbali. Harufu ikija ananibip. Juzi saa 4 usiku simu ikabip mara mbili, nkachukua tochi na ndoo, mama watoto hata hakugeuka.