Kivulini mwa mfenesi

Kwa miaka mitatu nilishindwa kuotesha chochote chini ya mfenesi ulio nyuma ya nyumba yetu hapa Jinja, mahali ambapo jua hupenya kwa vijitone tu na udongo ni mwekundu, wenye changarawe nyingi kiasi kwamba jembe hulia kila linapoushukia. Waridi nililolinunua kwa bei ambayo mume wangu hajaambiwa hadi leo lilikauka kabla ya mvua za Novemba kwisha.

Mwezi Machi, mvua ziliporudi, niliamua kupanda mimea ya kudumu iliyozoea kivuli. Drasena, ambayo wazee huitumia kuonyesha mipaka ya viwanja, nilichomeka vipande vya shina tu, na vyote vimechipua. Iliki ndiyo iliyonitaabisha, kwani hupenda kivuli lakini haivumilii udongo mkavu usio na mboji; ikanibidi niitandazie maganda ya kahawa yaliyooza, nikijihadhari nisichimbe kwa kina na kukata mizizi ya mfenesi. Jana asubuhi niliona chipukizi lake la kwanza, limejiviringa kama mkeka mdogo wa kijani, likiyasukuma maganda kando.