Daftari la hesabu la Jumamosi: tumefika kwa Sophie Germain

Kwa anayesoma kumbukumbu hizi kwa mara ya kwanza: tupo wanawake wachache hapa Tanga tunaokutana Jumamosi alasiri kufanya hesabu. Wapo walimu wenzangu wa sekondari, mhasibu, mwanachuo anayesomea takwimu, fundi cherehani wa Ngamiani aliyeishia kidato cha nne, na mama mstaafu aliyefanya kazi bandarini. Mradi wetu ni daftari. Kila sura inamhusu mwanahisabati mmoja mwanamke, inaeleza alichofanya, kisha inatoa swali moja linalotokana na kazi yake, lenye ugumu wa kukaa nalo wiki nzima. Siku za katikati tunabishana kwa simu, tukitumiana picha za kurasa na ujumbe wa sauti.

Sura ya Maryam Mirzakhani tuliimaliza kabla ya Ramadhani. Swali lake lilihusu mpira unaogonga kingo za meza ya mraba, na michoro yake iko tayari kusafishwa. Tunataka daftari likamilike kabla ya tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Mirzakhani, ambayo tangu uamuzi uliofanyika Rio de Janeiro mwaka 2018 huadhimishwa kuwa siku ya wanawake katika hisabati.

Sasa Germain. Sikutarajia sura hii ituchukue muda mrefu hivi, na nashukuru kwamba imetuchukua.

Alizaliwa Paris mwaka 1776. École Polytechnique, shule ya juu ya sayansi na uhandisi, ilipofunguliwa mwaka 1794 haikupokea wanawake, na haikuwapokea mpaka 1972. Germain akatafuta maandishi ya mihadhara, akawa anapeleka kazi zake kwa mwanahisabati Lagrange, aliyefundisha hapo, akitumia jina la kiume, Le Blanc. Mwaka 1804 akamwandikia Gauss, mwanahisabati Mjerumani, kwa jina hilohilo kuhusu nadharia ya namba. Gauss alimjibu kwa heshima bila kujua anayejibizana naye ni mwanamke. Alikuja kujua mwaka 1807, baada ya jeshi la Napoleon kuingia Braunschweig, mji alikoishi Gauss. Germain alimwomba jenerali aliyefahamiana na familia yake ahakikishe kwamba mwanahisabati huyo yuko salama. Mjumbe alipomtajia Gauss jina la bibi aliyemwombea, Gauss akasema hamfahamu, mpaka Germain mwenyewe alipomwandikia na kujitambulisha.

Mama mstaafu aliposikia hayo alinigeukia: "Mwalimu, kwa hiyo miaka yote hiyo mtu anazungumza akiwa amelificha jina lake?" Ndiyo, mama. Na hata jina lilipojulikana, upweke haukuisha. Mwaka 1811 Germain alipeleka andiko kwenye shindano la Akademia ya Sayansi ya Paris, kuhusu mitetemo ya mabamba. Hakukuwa na mshindani mwingine, na bado hakupewa tuzo, maana hesabu zake zilikuwa na kasoro. Aliipata mwaka 1816, alipojaribu kwa mara ya tatu. Mimi naamini kasoro zile zingeonekana mapema kama angekuwa na watu wa kukaa nao mezani wakamwambia, "Hapo rudia." Kipaji alikuwa nacho, na vitabu alivipata. Alinyimwa mazungumzo. Ndiyo sababu ninalishikilia kundi hili. Nimefundisha wasichana wengi waliokuwa na majibu sahihi daftarini na midomo imefungwa, na mtu asiyezoea kubishania uthibitisho wake huishia kuamini kwamba hesabu ni ya wengine.

Swali la sura ni hili: chukua namba nzima yoyote kubwa kuliko 1, tafuta kipeo chake cha nne (kwa 3 ni 3 × 3 × 3 × 3), ongeza 4. Onyesha kwamba jibu haliwezi kuwa namba tasa.

Kanuni yetu ni kwamba aliyepata jibu halitaji. Anaruhusiwa kuwauliza wenzake maswali tu. Mimi nilikuwa nalijua, nikanyamaza.

Namba shufwa ziliondoka siku ya kwanza, kwa kuwa jibu nalo huwa shufwa. Mhasibu akaleta jambo zuri zaidi: karibu kila namba witiri aliyojaribu ilitoa jibu linaloishia na 5. Tatu inatoa 85, saba inatoa 2405, tisa inatoa 6565. Zilizokataa ni 5, inayotoa 629, na 15, inayotoa 50629. Ukipima mabaki ya kugawa kwa 5 unaona sababu: kipeo cha nne cha namba isiyogawanyika kwa 5 hubakiza 1 daima, ukiongeza 4 hakuna baki. Kwa hiyo ugomvi ulibaki kwenye namba zinazoishia na 5 tu.

Hapo tulikwama kwa muda mrefu. Aliyetukwamua ni fundi cherehani. Usiku mmoja alituma picha ya ukurasa:

85 = 5 × 17
629 = 17 × 37
2405 = 37 × 65
6565 = 65 × 101

Chini yake aliandika kwamba kila kigawo kikubwa kinarudi kuwa kidogo katika mstari unaofuata, kama vipande vya kitambaa vinavyoshonwa ukingo kwa ukingo. Simu haikupumzika usiku ule. Mwanachuo akaona kwamba 5, 17, 37, 65 na 101 ni 2² + 1, 4² + 1, 6² + 1, 8² + 1 na 10² + 1. Basi kwa namba 15 vigawo vingekuwa 14² + 1 na 16² + 1, yaani 197 na 257. Wakazidisha: 50629. Nilimsikia mtu akipiga vigelegele kwenye ujumbe wa sauti, na nilitamani Germain angekuwepo.

Nikawauliza swali moja tu: mmejuaje kwamba mnyororo huu haukatiki huko mbele? Jumamosi tukaumaliza pamoja ubaoni. Katika n⁴ + 4 ongeza 4n², kisha uitoe. Unapata (n² + 2)² − (2n)², ambayo ni tofauti ya vipeo vya pili, kitu kila mmoja wetu alikifanya sekondari. Vigawo vyake ni n² + 2n + 2 na n² − 2n + 2, yaani (n + 1)² + 1 na (n − 1)² + 1. Namba 1 peke yake inaponyoka, kwa sababu kigawo kidogo kinakuwa 1. Uthibitisho huu nimeunakili kama fundi alivyousema, kwa maneno yake, na ndio utakaoingia kwenye daftari.

Tumeongeza ukurasa mfupi wa namba tasa za Germain, zile ambazo ukizidisha kwa 2 na kuongeza 1 unapata tasa nyingine. Chini ya 100 zipo kumi: 2, 3, 5, 11, 23, 29, 41, 53, 83 na 89. Nimemwachia msomaji atafute kwa nini hakuna inayoishia na 7.

Sura inayofuata ni ya Profesa Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba, mwanamke wa kwanza Mtanzania kupata udaktari wa hisabati. Aliupata Berlin, kwa utafiti kuhusu mwendo wa vimiminika visivyo na tabia ya maji ndani ya bomba la mviringo. Kwa swali tutaanza na vimiminika vya kawaida, ambapo kipeo cha nne kinarudi: kimiminika kikipita taratibu bila kuvurugika, ukiongeza upana wa bomba mara mbili huku urefu na msukumo ukiwa uleule, kinachopita huongezeka mara 16. Tunataka kupima kwa mafuta ya kula na mipira miwili kama ile ya kumwagilia maji, mmoja ukiwa na upana mara mbili ya mwenzake kwa ndani. Mama mstaafu atashika saa. Kama yupo mwalimu aliyewahi kupima hivi darasani, naomba anieleze alitumia mipira yenye urefu gani.