Nusu ya mwajiri

Mshahara umeingia leo. Nimefungua hati ya mshahara, na macho yakaenda pale pale yanapokwenda kila mwezi: mstari wa mchango wa pensheni. Kuna kistari tu. Miaka 11, kistari kile kile. Mkataba wangu hauna pensheni wala kiinua mgongo. Nilipousaini nilikuwa na miaka 29, na uzee niliuona ni wa watu wengine.

Sasa nina 40. Juzi usiku nilipiga hesabu ikaninyima usingizi. Ukiweka 100 kila mwezi, ikakua kwa asilimia 8 kwa mwaka na faida ikizaa faida, baada ya miaka 30 unakuwa na kama 149,000. Ulizotoa mfukoni ni 36,000 tu. Mimi nimebakiwa na miaka 20 kabla ya kustaafu, na kwa kiwango hicho hicho napata 58,900 hivi. Ile miaka 10 niliyoiachia imeondoka na zaidi ya nusu. Tena hiyo asilimia 8 hakuna aliyeniahidi. Na bei zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, ndani ya miaka 12 zinakuwa maradufu, kwa hiyo pesa ya kulala tu kwenye akaunti ya kawaida itanifikia uzeeni imekonda.

Kuna jambo jingine lililonigusa. Ujerumani ilipotunga sheria yake ya pensheni ya uzeeni mwaka 1889, mfanyakazi alichangia, mwajiri akachangia kiasi hicho hicho, na serikali ikaongezea. Kumbe mzigo huu tangu zamani ulibebwa na zaidi ya mtu mmoja! Mimi nilikuwa najipongeza kwa kuweka asilimia 5 ya mshahara, kumbe nimelipa nusu yangu tu. Ile ya mwajiri hakuna aliyeilipa. Nimeamua kuilipa mwenyewe. Inauma, nasema kweli.

Mwaka juzi nilijaribu nikashindwa. Niliweka kwa miezi 9, mwanangu akaugua, nikazitoa zote, na sikuzirudisha tena. Kumtibu halikuwa kosa, hata leo ningefanya vile vile. Kosa langu ni kwamba dharura na uzee vilikaa chungu kimoja. Siku hizi nimevitenga. Akiba ya dharura iko karibu, naijaza polepole mpaka itoshe matumizi ya miezi 3. Ya uzeeni iko kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja, yaani wengi tunachanga na wasimamizi wanatuwekezea, na benki huihamisha siku ile ile mshahara unapoingia, kabla sijaipangia lolote. Huo mfuko niliuchagua baada ya kusoma ada zake za usimamizi, maana asilimia 2 ikikatwa kila mwaka kwa miaka 20 hutafuna kimya kimya.

Mume wangu aliniuliza, “Tutajibana mpaka wapi, mama?” Swali la haki. Tulikaa tukakubaliana kwamba mshahara wowote ukiongezwa, nusu ya nyongeza iende huko kabla hatujaizoea.

Nimechukua kalamu sasa hivi. Juu ya kile kistari nimeandika kwa mkono nilichojikata mwezi huu, asilimia 10, kisha nikaiweka hati kwenye faili pamoja na zile 7 zilizotangulia.