Gharama ya Msichana Kucheza Kakuma

Kila ninapozungumza na marafiki kuhusu michezo ya wasichana katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, jibu la kwanza huwa ni ahadi ya kuchanga mipira. Ninawashukuru kwa moyo huo. Hata hivyo, baada ya kulifuatilia jambo hili kwa muda mrefu na kuzungumza na wanawake wanaofundisha voliboli na kandanda kambini humo, nimeamini kwamba kati ya mahitaji yote mpira ndio unaopatikana kwa urahisi zaidi. Kinachomzuia msichana kucheza ni saa ya kucheza, mavazi, sodo, na zaidi ya yote kukosekana kwa mwanamke mzima wa kumsimamia uwanjani, mwenye malipo yanayomwezesha kurudi kesho na mwezi ujao.

Kakuma iko Kaunti ya Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya. Kambi hiyo ilianzishwa mwaka 1992, walipowasili maelfu ya vijana, wengi wao wavulana wasio na wazazi, waliokuwa wakikimbia vita vya Sudan. Mwaka 2016 yakaongezwa makazi ya Kalobeyei, na leo wakazi wa sehemu hizo mbili ni takriban laki tatu, kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko, na zaidi ya nusu yao ni watoto. Kwa kambi iliyoanza hivyo, si ajabu kwamba viwanja vilizoeleka kuwa mahali pa wavulana, na msichana anayetaka kuingia hulazimika kuomba nafasi ambayo kaka yake hakuwahi kuiomba.

Tuanze na saa. Mchana wa Kakuma huwa na joto la karibu nyuzi 40, kwa hiyo muda unaofaa kukimbia ni alfajiri au alasiri jua linapopungua makali. Saa hizo hizo ndizo za kupanga foleni ya maji bombani, kuwasha moto, kupika na kuwaogesha wadogo, na kazi hizo katika familia nyingi ni za binti. Mvulana akitoka shuleni huweka daftari na kwenda kiwanjani. Dada yake huchukua mtungi. Giza likishaingia hakuna mzazi mwenye busara atakayemruhusu binti avuke bloku kadhaa peke yake kurudi nyumbani, na mimi simlaumu. Ndiyo maana programu zinazodumu ni zile zinazofanya mazoezi katika uwanja wa shule mara tu masomo yanapokwisha, kabla ya msichana kufika nyumbani na kukabidhiwa kazi. Kocha mmoja alinieleza kwamba mahudhurio ya timu yake yalibadilika aliporuhusu wachezaji waje na wadogo zao, akamwomba mama wa jirani akae nao kivulini, na kumlipa mama huyo kitu kidogo. Gharama ya namna hiyo haionekani katika picha za wafadhili, lakini bila hiyo timu isingekuwapo.

Mavazi nayo ni suala zito kuliko linavyochukuliwa. Wazazi wengi, hasa wa Kisomali, hawapingi binti kucheza. Wanachokataa ni acheze mbele ya wanaume wapita njia akiwa amevaa nguo isiyomsitiri. Sheria za michezo zenyewe zilichelewa kulikubali jambo hili: kandanda iliruhusu rasmi hijabu mwaka 2014, na mpira wa kikapu ukafuata mwaka 2017. Katika kambi za Dadaab, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliwahi kushirikiana na kampuni ya Nike kubuni mavazi ya michezo kwa kuwasikiliza wasichana wenyewe, na hilo lilikuwa jambo la maana. Kakuma nako kuna mafundi cherehani hodari, na jezi ya mikono mirefu, suruali pana na hijabu isiyoteleza vikishonwa na fundi wa kambini, mama mtu huja kuvikagua kabla ya kumruhusu bintiye. Uzio wa makuti au mabati kuzunguka kiwanja hutatua nusu ya mabishano yaliyobaki. Kuhusu sodo nitasema kwa ufupi: msichana asiyekuwa nazo hukosa shule na mazoezi kila mwezi, na kuanzisha timu bila kuziweka kwenye bajeti ni kumwalika halafu kumfungia mlango.

Watu wakisikia jina la Kakuma katika michezo humkumbuka Rose Nathike Lokonyen, na wana haki ya kumkumbuka. Alifika kambini mwaka 2002 akiwa mtoto, na wazazi wake waliporudi Sudan Kusini yeye ndiye aliyebaki akiwatunza wadogo zake. Mwaka 2015 wakfu wa Tegla Loroupe, Mkenya aliyekuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda mbio za marathoni za New York, uliendesha mashindano ya mchujo Kakuma, na Rose alikimbia bila viatu. Alichukuliwa kwenda kambi ya mazoezi Ngong, na mwaka uliofuata akabeba bendera ya timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki ya Rio. Timu hiyo ilikuwa na wanariadha 10, watano kati yao wakimbiaji waliotoka Kakuma, akiwamo pia Anjelina Nadai Lohalith wa mita 1500. Rose alirudi tena katika Olimpiki ya Tokyo na kupunguza muda wake wa mita 800 kwa zaidi ya sekunde nne, na Paris mwaka 2024 Perina Lokure Nakang, naye mtoto wa Kakuma, akakimbia umbali huo huo.

Ninachokiona katika habari za Rose ni ile miaka kumi na mitatu kati ya 2002 na 2015. Kipaji kilikuwapo muda wote huo, kikiteka maji na kupika. Kilichochelewa ni kocha aliyesomea kazi yake. Wala sitaki medali ziwe kipimo cha programu hizi, kwa sababu wasichana walio wengi hawataondoka kambini kwa mbio.

Faida kubwa kuliko zote niliyoishuhudia imo katika daftari la mahudhurio. Kocha anayekutana na wasichana wale wale mara tatu kwa wiki hujua nani ameanza kuchechemea, nani amenyamaza ghafla, nani hajala tangu jana. Msichana akikosa mazoezi mara mbili, kocha huenda nyumbani kwao, na mara nyingine hukuta mazungumzo ya mahari yamekwisha kuanza kwa ajili ya binti ambaye bado yuko darasa la saba. Akiwahi, anaweza kumwita mzee anayeheshimiwa, mwalimu, au maafisa wa ulinzi wa watoto. Akichelewa, msichana haonekani tena. Ninawaheshimu sana wanawake hawa. Wanafanya kazi ya mwalimu, ya shangazi na ya afisa wa ustawi wa jamii, nao wengi ni wakimbizi, na mkimbizi anayeajiriwa na mashirika kambini hulipwa posho iliyo chini mno ya mshahara wa Mkenya anayefanya kazi ile ile. Posho hiyo nayo hukatika mradi unapoisha, na mipira iliyoletwa kwa sherehe hubaki stoo.

Mwaka 2025 mgawo wa chakula Kakuma ulipunguzwa hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kamili, kutokana na upungufu wa fedha za misaada. Rafiki yangu aliniuliza kama ni haki kuchangia voliboli wakati watu wana njaa. Swali hilo ni la haki na nililifikiria sana. Chakula ni cha kwanza, na hakuna kocha anayepaswa kumkimbiza mtoto mwenye njaa. Uji uwe sehemu ya mazoezi. Lakini dhiki hiyo hiyo ndiyo inayozifanya familia zifikirie kuwaoza mabinti mapema, kwa hiyo kumwondoa kocha katika mwaka kama huo ni kumwondoa mtu pekee anayewahesabu wasichana hao kila wiki.

Kwa hiyo kundi letu dogo la akina mama tuliowahi kucheza netiboli shuleni limeacha kununua mipira. Tunachanga posho ya makocha wa kike kwa mwaka mzima, sodo, uji, na ujira wa fundi cherehani. Kilicho juu ya uwezo wetu ni mafunzo. Mkimbizi anahitaji kibali cha kusafiri ili atoke kambini, na kozi za ukocha na urefa hufanyika Nairobi au Eldoret, hivyo kibali kikichelewa nafasi hupotea. Vyama vya kandanda, voliboli na riadha vya Kenya vinaweza kuwatuma wakufunzi Kakuma, kozi ikafanyika pale pale kwa wakimbizi na wenyeji wa Turkana pamoja, na cheti kikawa sawa na kile kinachotolewa mjini. Ye yote anayesoma haya na ana nafasi katika kamati za vyama hivyo, ninamwomba aliweke jambo hili kwenye ajenda ya kikao kijacho.